Picha za ziada za mamografia: ipi ichaguliwe, na mgonjwa akae vipi

Kwa wanawake wengi wanaopigwa mamografia (eksirei ya titi) picha nne zinatosha: kila titi picha mbili, ya juu kwenda chini (CC) na ya mshazari (MLO). Ugumu huanza pale fomu inaporudi imeandikwa "ongeza picha" bila kutaja ipi. Za kuchagua ni zaidi ya kumi, na kila moja ina swali lake inalolijibu vizuri. Ukipiga isiyolingana na swali, mgonjwa amebanwa na kupigwa mionzi bure. Hatari kubwa zaidi ni kwamba picha inayotoka safi inaweza kumtuliza daktari wa radiolojia kuhusu dosari ambayo bado imo ndani ya titi.

Maswali yenyewe ni manne. Dosari ipo kweli, au ni tishu zimelaliana tu? Ikiwa ipo, iko wapi? Ina sura gani? Na je, kuna sehemu ya titi ambayo haikuingia kabisa kwenye picha za mwanzo? Mtaalamu wa mionzi anayelijua swali kabla ya kumwita mgonjwa chumbani hatahitaji kubahatisha.

Kwanza hakikisha picha ya msingi ni nzuri

Picha ya ziada haifichi ubaya wa picha ya msingi. Kwenye MLO, msuli wa kifua ushuke angalau hadi usawa wa chuchu, mkunjo wa chini ya titi uwe wazi, na chuchu ionekane kwenye ukingo wa ngozi. Kisha pima mstari kutoka chuchuni kwenda nyuma hadi msulini kwenye MLO, na hadi ukingo wa picha kwenye CC. CC isipungue kwa zaidi ya sentimita 1. Ikipungua zaidi, tishu za nyuma zimeachwa nje, na tiba ni kurudia CC ile ile kwa kuunyanyua vizuri mkunjo wa chini kabla ya kuliweka titi juu ya kipokezi (sehemu ya mashine inayopokea picha). Vivuli vingi vilivyo "nyuma ya chuchu" huisha hapa hapa, kwa sababu ilikuwa chuchu yenyewe iliyolala upande.

Kubana sehemu au kukuza?

Hizi mbili ndizo zinazochanganywa zaidi, kwa kuwa zote hutumia bamba dogo la kubania. Fizikia yake ni tofauti kabisa.

| | Kubana sehemu | Kukuza |
|---|---|---|
| Titi linakaa | juu ya kipokezi moja kwa moja | juu ya jukwaa, mbali na kipokezi |
| Gridi (wavu wa kuchuja mionzi iliyotawanyika) | inabaki | inaondolewa |
| Fokasi ya tyubu (kitone kinakotoka mionzi) | kubwa, milimita 0.3 | ndogo, milimita 0.1 |
| Ukubwa | wa kawaida | mara 1.5 hadi 2 |
| Muda wa mionzi | mfupi | mrefu |
| Inafaa zaidi kwa | kivuli, uvimbe, tishu zilizovurugika | chembe za kalsiamu |
| Hushindwa kwa sababu ya | dosari kuteleza nje ya bamba | mtikisiko |

Kubana sehemu hujibu "ipo kweli?" Bamba dogo hukusanya nguvu kwenye eneo dogo, tishu husambaa, na zile zilizokuwa zimelaliana huachana. Uvimbe wa kweli hubaki na kingo zake huonekana vizuri zaidi. Kivuli cha kulaliana hutawanyika.

Kazi ngumu ni kulifikisha bamba mahali penyewe. Chukua vipimo viwili kwenye picha ya mwanzo: kina, yaani kutoka chuchuni kwenda moja kwa moja nyuma hadi usawa wa dosari, kisha umbali wa kwenda pembeni kutoka kwenye mstari huo, nje au ndani kwa CC, juu au chini kwa MLO. Kipimo cha tatu, kutoka dosari hadi ngozi iliyo karibu, ni cha kuhakiki. Tumia kipimo cha kwenye programu. Rula ikiwekwa juu ya skrini itadanganya, maana picha kwenye skrini mara chache huwa na ukubwa halisi. Unapohamishia vipimo kwenye ngozi, liweke titi katika mkao ule ule wa picha ya mwanzo na ulibane kwa kiganja mpaka litandazike kama lilivyokuwa chini ya bamba. Ukipima titi likiwa limelegea, sentimita 5 za kwenye picha hazitakuwa sentimita 5 za kwenye ngozi, na bamba litaangukia pasipo.

Weka alama ya kalamu, elekeza kitovu cha bamba hapo, hakikisha kihisi cha mionzi (kinachopima na kukata mionzi) kiko chini ya alama, kisha bana polepole. Dosari iliyo karibu na ukuta wa kifua hupenda kuteleza kurudi nyuma bamba linapokaza. Kwa hiyo vuta tishu mbele kwa mkono mmoja na uuondoe mkono wakati bamba limeshashika, si kabla. Kwa dosari ya namna hiyo bamba kubwa kidogo la mraba lina nafasi bora kuliko lile dogo la duara, hata kama msambao wake ni hafifu.

Picha ikitoka bila dosari, usiseme imeisha kabla ya kutafuta majirani zake. Mshipa wa damu, kipande cha mafuta, chembe moja ya kalsiamu isiyo na madhara: chochote kilichokuwa kando ya dosari kwenye picha ya mwanzo lazima kiwemo na kwenye hii. Kisipokuwemo, ulibana mahali pengine. Hii ndiyo sababu ni afadhali kuacha uwanja wa mionzi wazi badala ya kuufunga kwenye duara la bamba tu.

Kukuza hujibu "ina sura gani?" hasa kwa kalsiamu: chembe ni za duara na zinafanana, au zimevunjikavunjika, zimejipanga kama nyuzi, zimegawanyika matawi? Umbali kati ya chanzo cha mionzi na kipokezi ukiwa sentimita 65 na dosari ikiwa sentimita 36 kutoka kwenye chanzo, ukuzaji ni 65 kwa 36, yaani takriban mara 1.8. Nafasi ya hewa chini ya titi hupunguza mionzi iliyotawanyika, ndiyo maana gridi hutolewa. Ikisahauliwa humo itaongeza dozi bila faida. Fokasi ndogo haivumilii mkondo mkubwa wa umeme, basi muda hurefuka, na mgonjwa anayepumua kidogo tu anaharibu chembe zote. Kuongeza kilovolti 1 au 2 hufupisha muda kwa gharama ndogo ya utofautishaji. Kwa titi nene lenye tishu nzito ni biashara nzuri. Dozi ya eneo hilo huweza kufika mara mbili au tatu ya picha ya kawaida, kwa hiyo hapa kupunguza uwanja wa mionzi kunafaa, na kurudia kwa uzembe hakufai.

Maelekezo ya pumzi nayo yana uzito. Ukimwambia mgonjwa "vuta pumzi, ishike," kifua kinapanda na titi linasogea. Sema badala yake: "Mama, acha tu kupumua hapo hapo ulipo." Kisha bonyeza, na umwambie "pumua" mara mionzi ikikatika. Akiwa bibi wa makamo makubwa au mwenye kukohoa, jaribu naye mara moja bila mionzi.

Na kabla ya kukuza chochote, futa ngozi kwa kitambaa chenye maji. Poda ya watoto, deodoranti na mafuta yenye zinki huacha vitone vyeupe kwapani na chini ya titi, na vikikuzwa hufanana na kalsiamu. Mwanamke aliyetoka nyumbani amejipaka poda kwa ajili ya joto la mchana hana kosa lolote. Kosa ni letu tusipouliza.

Jambo moja linalosahauliwa: kalsiamu ikuzwe kwenye CC na kwenye ubavu kamili wa digrii 90 (mionzi ikipita titi kutoka upande hadi upande), si kwenye MLO. Kalsiamu inayoelea ndani ya vifuko vidogo vya maji hutulia chini kama tope. Kwenye CC huonekana ni vidoa hafifu vya duara, na kwenye ubavu kamili hukaa kama mwezi mchanga uliolala, kingo zikitazama juu. Tofauti hiyo peke yake inaweza kumwondolea mgonjwa kuchomwa sindano ya kuchukua tishu bila sababu. MLO, kwa kuwa imeinama, huififisha.

Ubavu kamili: ML au LM?

Zote mbili ni digrii 90. Tofauti ni upande kilipo kipokezi, na kanuni haibadiliki: dosari ikae karibu na kipokezi, ndipo inapotoka kali. Dosari ya nusu ya nje, piga ML, ambapo mionzi huingia kwa ndani na kipokezi kiko upande wa mkono. Dosari ya nusu ya ndani, piga LM, kipokezi kikiegemea mfupa wa kidari.

Katika ML, kona ya juu ya kipokezi huingia kwapani, mkono wa mgonjwa unapita juu yake kiwiko kikiwa kimekunjwa, bega limelegezwa. Vuta titi juu na mbele, mgeuze mgonjwa akielekee kipokezi taratibu huku bamba likipita karibu na kidari, kisha shusha tumbo kwa mkono ili mkunjo wa chini ufunguke. Bega likikaza, msuli wa kifua unakaza nao, na titi halivutiki tena. Kumwambia "legeza bega, mama, kama mtu aliyechoka" kunasaidia kuliko kumvuta.

Katika LM, mgonjwa hunyoosha shingo na kupitisha kidevu juu ya kipokezi, ukingo wake ukigusa katikati ya kidari. Mkono wa upande huo unainuliwa, anageuzwa mpaka titi lilale sawasawa, na bamba linakuja kutoka nje. Wengi huiogopa LM kwa sababu uso wa mgonjwa hukaa karibu na mashine, lakini kwa dosari ya ndani kabisa ndiyo chaguo sahihi. ML huiacha sehemu hiyo kwa kuwa kidari hulizuia bamba kusogea.

Ubavu kamili pia ndio unaojibu "iko wapi?" pale dosari inapoonekana kwenye MLO na si kwenye CC. Linganisha kimo chake na chuchu katika picha zote mbili. Ikishuka kutoka MLO kwenda ubavu kamili, iko nusu ya nje. Ikipanda, iko nusu ya ndani. Isiposogea sana, iko karibu na katikati. Ukizipanga CC, MLO na ubavu kamili kwa mfuatano huo, chuchu zote usawa mmoja, mstari ulionyooka kupitia dosari kwenye picha mbili utakuonyesha pa kuitafuta kwenye ya tatu.

Sehemu iliyobaki nje: XCCL, mkia wa titi, au bonde la katikati

Dosari imeonekana juu kwenye MLO, karibu na kwapa, na CC haina kitu. Anza na XCCL (CC iliyosogezwa upande wa nje). Robo ya juu na nje ndiyo yenye tishu nyingi za tezi na ndiko saratani nyingi huanzia, tena ndiyo CC ya kawaida huikata mara kwa mara. Mgonjwa anasimama kama wa CC, kisha anageuzwa mpaka ubavu wa nje wa titi uingie juu ya kipokezi na chuchu ielekee kona ya ndani. Mkono wa upande ule unashika mpini, na mwili unaegemea nyuma kidogo kuelekea upande huo huo. Mfupa wa bega ukilizuia bamba, inamisha tyubu digrii 5 hivi. Utapoteza tishu za ndani, na hilo si kosa. Picha hii haikupigwa kwa ajili yake.

Picha ya mkia wa titi (AT) inafaa pale dosari iko juu zaidi, kwapani kwenyewe, ambako XCCL haifiki. Mkono wa mashine hupewa pembe inayofuata mkia wenyewe, mara nyingi karibu digrii 45, na kubana ni kwa eneo hilo tu. Usitarajie kubana kukubwa. Mfupa wa bega na ngozi nene ya kwapa haviruhusu. Ukiweza kuipata dosari kwa XCCL, ichague hiyo, maana mwelekeo wake unalingana na CC na daktari anaweza kupima.

Ikiwa shaka iko upande wa ndani, fikiria picha ya bonde (CV). Matiti yote mawili huwekwa juu ya kipokezi, tishu za ndani za pande zote zikivutwa mbele, kichwa cha mgonjwa kikigeuzwa upande usioshukiwa. Hapa ndipo kihisi cha mionzi kinapoleta balaa: kikiwa chini ya lile bonde tupu, kitapima hewa, kitakata mionzi mapema, na picha itatoka haifai. Sogeza bonde pembeni kidogo ili titi linalochunguzwa likae juu ya kihisi, au weka viwango kwa mkono ukifuata vile vya CC ya mgonjwa huyo huyo.

Kuviringisha, pale CC ina kivuli na MLO haina

Kivuli kinachoonekana CC tu, mara nyingi ni tishu za juu na za chini zimekutana njiani mwa mionzi. Kubana sehemu kunaweza kutosha. Kisipotawanyika vizuri na bado hukioni kwenye MLO, kuviringisha kunashinda, kwa sababu hukupa majibu mawili kwa picha moja: kama kipo, na kiko juu au chini.

Liinue titi kwenye kipokezi, kiganja kimoja juu na kingine chini, sogeza mikono kwa kupishana, kisha liweke likiwa limeviringika hivyo na ubane. RL maana yake nusu ya juu imepelekwa nje. RM, imepelekwa ndani. Kwenye RL, dosari ikisogea nje ikilinganishwa na CC, iko nusu ya juu. Ikisogea ndani, iko nusu ya chini. Kosa la kawaida ni kuzungusha ngozi tu huku tishu zikibaki. Chuchu isiposogea hata kidogo, hukuviringisha. Kosa jingine ni kuacha kuandika RL au RM kwenye picha, na bila herufi hizo picha haina maana yoyote.

Mgonjwa mwenye titi gumu lisiloviringika vizuri, muache asimame kama wa CC na uuinamishe mkono wa mashine digrii 10 hadi 15 badala yake. Inaleta mtengano karibu ule ule bila kumuumiza. Na penye tomosinthesisi, kuviringisha karibu kunaachwa kabisa: mashine inapita kwenye pembe kadhaa, na nafasi ya tabaka ambamo dosari inaonekana hukuambia kimo chake.

Kalsiamu ya ngozi: tanjenti (picha inayopita ukingoni mwa ngozi)

Chembe zikionekana karibu na ngozi, zenye kitovu cheusi na zilizokusanyika sehemu moja, swali ni iwapo zimo ndani ya titi au ndani ya ngozi. Za ngozi hazihitaji kuchunguzwa kwa sindano.

Tumia bamba lenye tundu na mizani ya herufi na namba. Amua kwanza ni uso gani wa titi ulio karibu na chembe, uelekeze uso huo kwenye tundu, bana, piga, na usiachie. Mgonjwa akae vile vile mpaka usome picha. Chembe zikiwa kwenye mkutano wa, tuseme, D na 4, bandika kipira kidogo cha risasi kwenye ngozi hapo. Sasa achia, badilisha bamba, na uzungushe mkono wa mashine au titi hadi kivuli cha kipira kwenye mwanga kikae ukingoni kabisa mwa ngozi. Piga. Chembe zikiwa ndani ya unene wa ngozi chini ya kipira, jibu limepatikana. Ukichagua uso usio sahihi mwanzoni, chembe za ngozi ya chini zitaonekana kama ziko ndani ya titi, na mgonjwa atapelekwa kwenye sindano bure.

Tanjenti hiyo hiyo husaidia kwa uvimbe unaoshikika: kipira juu yake, na picha inauleta kwenye mafuta ya chini ya ngozi ambako hauzibwi na tishu nzito. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 30 mwenye uvimbe unaoshikika, hata hivyo, altrasaundi ndiyo itangulie.

Mwili usiokubali mkao wa kawaida

Kibiongo, kifua cha mwanamume, au kifaa cha moyo kilichopandikizwa juu ya titi: kwa hawa CC inaweza kushindikana. Igeuze mashine ili mionzi itoke chini kwenda juu (FB). Kipokezi kinakaa juu, bamba linapanda kutoka chini, na dosari ya nusu ya juu hupata ukali zaidi kwa kuwa iko karibu na kipokezi. Angalia tumbo na mapaja visiingie kwenye njia ya mionzi, na mpe mgonjwa nafasi ya kusimama kwa kutanua miguu. Kwa kifua kilichobonyea katikati, au kovu la upasuaji wa moyo linalouma, MLO ipigwe kinyume (LMO), kipokezi kikiwa upande wa ndani.

Mwenye vipandikizi vya matiti hupigwa picha nne kwa kila titi: mbili zenye kipandikizi, na mbili kwa njia aliyoieleza daktari wa radiolojia Eklund mwaka 1988, kipandikizi kikisukumwa nyuma kuelekea ukuta wa kifua na tishu za titi zikivutwa mbele peke yake. Kipandikizi kilichogandamana na kuwa kigumu kisisukumwe kwa nguvu. Hapo acha, ongeza ubavu kamili, na uandike sababu.

Baada ya kubana sehemu na ubavu kamili, dosari ikiwa imethibitika ni uvimbe, picha nyingine ya mamografia haitasema kama ndani yake ni maji au nyama. Hiyo ni kazi ya altrasaundi, na mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo akiwa na alama ya kalamu bado kwenye ngozi, pamoja na vipimo: titi lipi, saa ngapi kwa mfano wa uso wa saa, na sentimita ngapi kutoka chuchuni.